Historia Fupi ya Duka Letu la Kwenye Simu: Tulivyojenga, Tulivyoanguka, na Malengo ya Kuanza Upya



Katika mkutano mkuu uliopita, mama mmoja alisimama kule nyuma akauliza ulizo moja tu: "Ile duka yetu ya mu telefone, iko ao ilikufaka?" Komite ilijibu kwa maneno mengi, na mama akakaa chini bila kuridhika. Alikuwa na haki. Mabidoni yake mawili ya mawese yalibaki Uvira juma zima bila mnunuzi, wakati ule duka lilipoanguka, na hakuna mtu aliyemwelezea vizuri ni kitu gani kilitokea.

Makala hii njo jibu letu kwake na kwa wote. Tumeiandika kama historia. Mtu akiangalia tu mwaka ule wa 2023, ataona wizi wa kwenye simu, atasema "pole" na kupita. Lakini akiangalia miaka 50 ya biashara ndogo hapa kwetu ziwani, ataona jambo moja linalorudi kila mara tunapoanguka na kila mara tunapoinuka. Jambo hilo njo tumelitumia kupanga malengo mapya, na juu yake tutawaomba mpige kura.

Funguo bila daftari

Wazee wetu wanaikumbuka tarehe 30 mwezi wa 11, mwaka 1973. Siku ile Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara nyingi za wageni zinapita mikononi mwa raia wa Zaire. Wagiriki, Wareno, watu wenye asili ya Asia, wengi walioshika biashara ya rejareja mijini na vijijini walipaswa kuacha. Waliopewa maduka walipata funguo, walipata mashelfu na vitu vilivyokuwa juu yake.

Kile ambacho hawakupata ni kile kisichofungwa kwa kufuli. Hawakujua mali inatoka kwa nani na kwa masharti gani. Hawakujua nani katika kijiji anakopa na kulipa, na nani anakopa na kukimbia. Wengi waliuza vilivyokuwamo, wakala franga, na mashelfu yakabaki matupu. Mwaka 1975 na 1976 serikali yenyewe ilirudi nyuma na kuwarudishia wenye mali wa zamani sehemu ya biashara zao. Wengi hawakurudi tena.

Hatusemi haya ili kulaumu wazee. Tunasema juu ya fundisho lake: ukipewa funguo za duka, hujapewa duka. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Shikeni neno hilo, tutalirudia chini.

Daftari lililovuka ziwa

Vita vya 1996 vilitukuta tukiwa na biashara zetu ndogo: ndakala, mawese, muhogo, vitenge, chumvi. Watu wa Uvira na Fizi walivuka Tanganyika kwa mitumbwi na maboti kwenda Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka ule ule, Lugufu ikafuata 1997. Mwezi wa 8 mwaka 1998 vita vya pili vikaleta wengine.

Maisha ya kambini mnayajua, hatutayarefusha. Posho ilikuja kwa kipimo, na kutoka nje ya kilomita 4 bila ruhusa ilikuwa kosa. Hata hivyo watu waliuza na kununua. Aliyepata unga mwingi alibadilisha na maharagi, aliyejua kushona alishona. Na mama zetu walikutana na upatu wa Watanzania, wakaona ni ndugu wa likelemba yetu: kila juma wote wanatoa, mmoja anabeba. Huko njo wengi walijifunza kuandika majina katika mistari, tarehe pembeni, na sahihi ao alama ya kidole mwishoni.

Katika chama chetu tuko na mama mmoja wa Mboko ambaye hadithi yake imetusaidia kuliko semina nyingi. Mwaka 1996, majuma machache kabla ya kukimbia, alichukua vitenge 12 kwa deni kwa mfanyabiashara mmoja wa Uvira. Vita ikaja. Vitenge vingine viliibiwa njiani, vingine akavibadilisha na chakula. Kitu alichovuka nacho ni kadaftari kadogo ndani ya mfuko wa plastiki, na ndani yake deni lile.

Mwezi wa 10 mwaka 2005, HCR ilianza kurudisha watu kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Mama huyo alirudi mwaka uliofuata, na turubai, sufuria, na chakula cha miezi michache. Nyumba yake ilikuwa ukuta mmoja tu. Alipoanza kuuza ndakala, faida ya kwanza alibeba Uvira. Sasa deni lingehesabiwa namna gani? Lilikuwa la zaire mpya, na zaire mpya haikuwapo tena. Tangu 1998 nchi ilikuwa kwenye franga ya Kongo. Akaamua kuhesabu kwa vitenge: nilichukua 12, nitarudisha 12. Alirudisha kidogo kidogo kwa miaka miwili. Mwenye duka alikuwa ameshakufa, aliyepokea ni mtoto wake. Siku alipoleta kitenge cha mwisho, yule kijana alimwambia: "Mama, sasa chukua ingine, utalipa wakati utapata." Njo hivyo alianza upya. Hakuwa na mtaji, alikuwa na jina.

Kutoka foni mpaka M-Pesa

Wakati ule wa vita na mara tu baada yake, mfanyabiashara wa huku alitumia foni, yaani redio ya mawimbi iliyokaa katika kibanda, na mtu wa kibanda alipiga kelele: "Baraka, Baraka, unanisikia?" Ulilipa kwa dakika, na mtaa mzima ulisikia bei yako. Biashara ya siri haikuwezekana. Lakini hata wizi ulikuwa mgumu, kwa sababu kila mtu alijua sauti ya kila mtu.

Kisha simu za mkononi zikaja. Celtel na Vodacom zilianza kazi nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000, na pole pole minara ikafika kwetu. Waliorudi kutoka Tanzania walikuwa na faida moja: huko M-Pesa ilianza 2008, hivi wengi walikuwa wameshazoea kutuma franga kwa simu. Ilipofika Kongo, mwishoni mwa 2012, ikiwa na dola na franga pamoja, mama zetu hawakuiogopa.

Baada ya hapo WhatsApp na Facebook viliingia mpaka sokoni. Tuliona mtu wa Bukavu ananunua mbuzi wa Fizi kwa kuangalia picha tu. Tukasema: na sisi tuko na vitu, tuko na vijana wanaojua simu. Kwa nini tukae kando ya barabara tukisubiri mtu wa kupita?

Duka linaanza

Mwaka 2017 AVEC yetu ilikopesha vijana sita franga za simu moja nzuri. Kazi ilikuwa rahisi kueleza: wanachama wanaleta vitu, vijana wanapiga picha, wanaandika bei, wanatuma katika makundi ya WhatsApp na katika ukurasa wa Facebook. Mteja wa Uvira, Bukavu ao Goma akikubali, mali inapakiwa kwenye boti ao lori. Kwa kila bidoni la lita 20 linalouzwa, dola 1 inabaki kwa duka.

Tulijifunza kwa makosa. Picha ya kwanza ya mawese ilipigwa usiku ndani ya nyumba, na mafuta yalionekana kama mafuta ya gari. Tukajifunza kupiga asubuhi, nje, bidoni limefunguliwa, na kikombe pembeni ili mtu aone rangi. Tukajifunza kuandika bei palepale, maana ukiandika "bei tutaongea" watu wanapita. Tukajifunza kwamba ujumbe wa sauti unashinda maandishi: mama wa soko hana wakati wa kusoma, lakini atasikiliza nusu dakika ya Kiswahili, ya Kibembe ao ya Kifuliiru huku akiendelea kupima unga. Baadaye washonaji na wenye maduka wakaanza kutuomba tutangaze vitu vyao pia, wakitulipa. Duka likawa pia ofisi ndogo ya matangazo.

Kuanguka kidogo kidogo kulianza mapema. Usiku wa kuamkia 2019, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima karibu majuma matatu. Mwaka 2020 mipaka ilifungwa juu ya Korona, na mwezi wa 4 mto Mulongwe ukafurika Uvira, ukabomoa nyumba nyingi, na za wateja wetu zilikuwamo. Tarehe 4 mwezi wa 10 mwaka 2021, Facebook na WhatsApp zilizimika dunia nzima karibu saa sita, vijana wakafikiri simu yetu imekufa.

Kila mara tuliinuka haraka, na tulifikiri ni kwa sababu sisi ni hodari. Sababu ilikuwa ingine. Kulikuwa na mama mmoja mtunza daftari. Yeye hakuamini simu. Kila jioni aliwauliza vijana: nani amenunua leo, namba yake, anakaa wapi, amechukua nini, amelipa ngapi? Na aliandika. Vijana walimcheka: "Mama, bintu yote iko mu telefone!" Mtandao ulipokatwa 2019, ni daftari lile tulilotumia kupigia watu mmoja mmoja kwa simu ya kawaida.

Lengo lililotupotosha

Mwaka 2022 tulifanya semina ya malengo. Tuliandika kwa herufi kubwa ukutani: WAFUASI 10.000 MWISHO WA MWAKA. Lilikuwa lengo zuri kulitazama. Lilipendeza pia katika ripoti, maana fomu tulizojaza zilikuwa na kisanduku cha kuandika idadi ya wafuasi.

Tulitumia dola 180 kulipia matangazo ya Facebook, kwa kadi ya benki ya ndugu mmoja aliye nje. Vidole gumba vilikuja kwa wingi. Mwisho wa mwaka tulikuwa na wafuasi 7.400. Tukashangilia.

Mama wa daftari alihesabu na yeye. Wanunuzi wa mwaka ule: 118. Mwaka wa nyuma yake walikuwa 121. Dola 180 zilikuwa zimetuletea watu wa kutazama picha, wengi wao katika miji ambayo hatuwezi hata kupeleka bidoni moja. Na kwa sababu vijana walikuwa wakikimbizana na picha mpya kila siku, ujumbe wa wateja wa kweli ulikaa siku mbili, tatu, bila jibu.

Hilo ni kosa letu, si la mtu mwingine. Tulichagua kuhesabu kile ambacho ni rahisi kuhesabu.

Tulivyoanguka

Mwezi wa 8 mwaka 2023, kijana aliyeshika simu ya duka alipigiwa na mtu aliyejitambulisha kuwa wa kampuni ya simu. Alisema namba yetu itafungwa, ila akisomewa kode ya tarakimu 6 iliyoingia kwa ujumbe, ataokoa. Kijana aliisoma. Baada ya dakika chache WhatsApp ya duka ilikuwa mkononi mwa mwizi. Kwa njia hiyo hiyo ya udanganyifu ukurasa wa Facebook ukafuata, maana ulikuwa chini ya mtu mmoja, na neno moja la siri, kwenye simu ile ile.

Mwizi alijua kazi. Aliwaandikia wateja wetu kwa picha zetu na kwa jina letu: mawese yameshuka bei, tuma nusu ya franga leo. Wateja 11 walituma. Jumla dola 640.

Ona jambo hili la aibu. Sanduku letu la AVEC liko na makufuli matatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Ni kanuni tunayomfundisha kila mwanachama siku ya kwanza. Lakini duka, lililopitisha franga nyingi kuliko sanduku, lilikuwa na kufuli moja tu, na ufunguo ulikuwa kwa kijana wa miaka 22.

Hatukumfukuza. Alilia mbele ya komite, na tuliona kwamba kosa la kweli ni la sisi tuliompa ufunguo peke yake.

Ubishi juu ya deni

Swali gumu halikuwa la simu. Lilikuwa hili: zile dola 640, nani analipa?

Wengi walisema hatudaiwi. Maneno yao yalikuwa na nguvu: "Siye hatukukula ile franga. Na siye tulidanganywa paka vile vile." Ni kweli. Franga ziliingia namba ya mwizi. Hakuna hakimu ambaye angetuhukumu kwa urahisi. Na sandukuni kulikuwa na dola 900 za jasho la wanachama, wengine wajane, wengine wanasubiri kulipia watoto masomo. Kutoa 640 katika 900 ni kumwambia mjane alipe wizi wa mtu asiyemjua.

Wengine walisema tufungue ukurasa mpya kwa jina jipya, tuanze kama watu wengine, deni libaki na jina la zamani. Tunakiri kwamba wazo hilo lilipata makofi.

Hapo mama wa Mboko akaomba neno. Hakutoa hotuba. Alisema tu: "Miye vitenge biliibiwa mu vita. Sikubivaa. Lakini yule mutu wa Uvira hakunipatia juu ya vita, alinipatia juu ya miye." Kisha akakaa.

Tulikaa kimya muda mrefu. Wale 11 hawakutuma franga kwa sababu ya picha nzuri. Walituma kwa sababu jina lilikuwa letu. Mwizi alipata funguo za duka, kama wale wa 1973. Daftari hakulipata: lilikuwa nyumbani kwa mama, na ndani yake majina 312 ya watu waliokwisha kununua kwetu, na namba zao. Kama tungebadilisha jina ili kukwepa deni, tungeitupa mali pekee iliyobaki.

Tukakubaliana: tutalipa, ila si kwa akiba ya sanduku. Tutalipa dola 40 kwa mwezi, kutoka faida ya duka, miezi 16. Na tutaanza kulipa aliye maskini zaidi kati ya wale 11.

Malengo mapya, na kwa nini tumeyapanga hivi

Tulipoanza upya mwezi wa 1 mwaka 2024, tulikataa kwanza kuandika lengo lolote ukutani. Tulichora mistari miwili kwenye karatasi. Upande mmoja, mambo yaliyo mikononi mwetu. Upande wa pili, mambo yaliyo mikononi mwa wengine: mtandao, barabara, mvua, usalama, bei ya Bukavu. Kisha tukakubaliana kwamba mambo ya upande wa pili tunayaandika kama matumaini, na ya upande wa kwanza njo malengo. Kwa lengo, mtu anaweza kuulizwa Jumamosi: ulifanya ao hukufanya?

Malengo yalikuwa haya:

1. Kulipa dola 40 za deni kila mwezi, kabla ya mtu yeyote wa duka kupata posho yake.

2. Kuwasiliana na watu 5 wa daftari kila siku ya kazi, mmoja mmoja, kwa sauti, kuwaeleza ukweli: tuliibiwa, tunalipa, namba mpya ni hii, na hatutaomba kamwe franga kabla ya mali. Majina 312 yataisha katika juma la 11.

3. Kuuza kitu kimoja tu, mawese, kwa miezi mitatu ya kwanza. Kabla ya hapo tulikuwa na vitu 14 na hakuna tulichokijua vizuri.

4. Kumjibu kila mteja siku ile ile, hata kama jibu ni "hatuna".

5. Mteja analipa akiona bidoni, mbele ya mtu wetu wa Uvira ao wa Bukavu. Hii inatuchelewesha, lakini mwizi hawezi kuiga.

6. Makufuli matatu: namba ya siri ya hatua ya pili kwenye WhatsApp, ukurasa wenye wasimamizi watatu, na kode hasomewi mtu yeyote, hata akisema yeye ni prezida wa chama.

7. Kila Jumamosi, yote ya simu yanaandikwa katika daftari. Sasa madaftari ni mawili, katika nyumba mbili.

Mtaona hakuna idadi ya wafuasi. Hakuna hata idadi ya mabidoni. Tumaini letu lilikuwa kuuza mabidoni 60 kwa mwezi. Kabla ya kuanguka tulifika 80 na zaidi.

Miezi tisa imetuonyesha nini

Deni: tumelipa dola 360, yaani miezi yote tisa bila kuruka hata mmoja. Zinabaki 280. Watu sita kati ya 11 wameshamaliziwa.

Daftari: tulipigia wote 312, ingawa tulimaliza juma la 13, si la 11. Wapo ambao namba zao zilikuwa zimekufa, na wapo waliotutukana. Waliojibu vizuri ni 97, na 31 kati yao wamenunua tena. Wanne kati ya wale 11 tuliowalipa wamo. Mmoja, mama wa Bukavu, alituambia ametuletea wateja wengine watatu kwa kusema maneno haya: "Bale batu balinirudishiaka franga yenye hawakukula."

Mabidoni: tumaini la 60 tulilifikia miezi minne tu kati ya tisa. Mwezi wa 4, ziwa lilipopanda mpaka kuingia mitaani Uvira na Bujumbura, tuliuza 17. Zamani mwezi kama ule ungetuvunja moyo, na kijana mmoja ao wawili wangeacha. Lakini Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa 4 tulisoma malengo: deni limelipwa, simu zimepigwa, daftari limeandikwa. Ziwa halikuwa lengo letu. Tulirudi kazini Jumatatu.

Lengo la nne tumelishindwa, tuseme wazi. Umeme wa jua haukuwa unatosha kuchaji simu siku za mvua, na wateja wengine walikaa siku mbili bila jibu. Hilo liko mikononi mwetu, na tunalihesabu kama deni.

Tunachoomba

Kwa wanachama: katika mkutano mkuu ujao mtapiga kura juu ya mambo mawili. La kwanza, duka liendelee na mpango huu mpaka deni liishe, bila kugusa akiba ya sanduku. La pili, baada ya hapo zile dola 40 za kila mwezi ziendelee kutoka, safari hii ziingie katika mfuko wa kukopesha mwanachama mpya anayerudi, ili aanze na kitu. Yule mama mwenye mabidoni mawili tunamwomba aje. Jina lake liko ukurasa wa tatu wa daftari, na tuko tayari kumpa hesabu yake.

Kwa wafadhili: tunawashukuru kwa simu ya pili na kwa mafunzo. Tunawaomba pia kitu kidogo kisichogharimu franga. Katika fomu ya ripoti, mahali pa idadi ya wafuasi, mturuhusu tuandike idadi ya wateja waliorudi. Namba hiyo itakuwa ndogo, itapanda pole pole, na miezi mingine itashuka. Lakini njo namba tunayoweza kuitetea mbele yenu na mbele ya yule mama wa nyuma.

Na kama mnataka kukagua, msiangalie kwanza ukurasa wetu. Mje Baraka, muulize daftari. Linakaa katika nyumba mbili, na mlango uko wazi kila Jumamosi baada ya saa nane.